Zege Halikauki, Linakunywa

Masomo: 1 Wakorintho 3:5–15, Matendo 18:24–28



Fungua Biblia yako Wakorintho wa Kwanza, sura ya 3. Kanisa la Korintho lilikuwa limegawanyika kwa ajili ya majina ya wahubiri. Kuna waliojiita watu wa Paulo, na kuna waliojiita watu wa Apolo. Angalia vile Paulo anawatuliza. Anawaonyesha kwamba kila mtumishi alikuwa na kazi yake: yeye alileta mbegu, mwenzake akaja nyuma na maji, na uhai wenyewe ukatoka kwa Mungu. Halafu mstari wa 9 anageuza mfano. Alikuwa anaongea habari ya shamba, sasa anaongea habari ya jengo. Wengi wetu tukifika hapo tunayaacha yale maji ya Apolo huko shambani. Tunafikiri maji ni ya mimea, na jengo linataka mawe na misumari tu. Ndugu yangu, uliza fundi yeyote wa mjengo. Jengo linakunywa maji kuliko shamba la sukuma wiki.

Jana tulimwaga slabu ya kanisa letu jipya. Mliokuwa hapo mnajua. Tulianza saa kumi na moja alfajiri kwa taa za jenereta, mashine mbili za kukoroga, kina mama na karai, vijana wakisukuma wilibaro huku wanaimba. Kabla ya saa tano asubuhi, mita 20 kwa mita 10 zilikuwa zimelala sawa kama meza. Fundi alikataa katakata tuendelee hadi mchana. Leo kabla ya ibada ya kwanza ndugu mmoja akaigonga kwa kisigino, akafurahi, akasema, “Mzee, hii imekauka. Kesho tuanze kuta.” Fundi wetu, ambaye ni shemasi hapa na si mtu wa maneno mengi, akamjibu, “Haijakauka, ndugu. Na ikikauka wiki hii, tumeipoteza.”

Hilo neno limenikaa tangu asubuhi. Kwa sababu wengi tunafikiri zege, au konkriti vile tunaita, hukauka kama tope. Tope likikauka ni maji yametoka, na ndiyo maana mvua ikinyesha linarudi kuwa tope. Zege si hivyo. Simiti inashikana na maji, na yale maji yanageuka kuwa sehemu ya jiwe. Ndiyo maana ukiweka mkono juu ya slabu mpya unasikia joto. Ndani kuna kazi inaendelea. Ndiyo maana zege linaweza kumwagwa chini ya maji, kwenye msingi wa daraja, na likashika vizuri kabisa. Kama kukauka ndiko kunakoleta ugumu, lingeshikaje huko chini?

Na hiyo kazi haiishi kwa siku moja. Simiti ya kawaida ikipewa unyevu, kwa siku 7 hufika kama theluthi mbili ya nguvu ambayo mainjinia hupima siku ya 28, na hata baada ya hapo inaendelea kuongezeka polepole kwa miezi. Maji yakikimbia mapema, kazi inasimama pale ilipofika. Kwa macho huwezi kujua. Sakafu iliyolewa wiki mbili na sakafu iliyoachwa juani zina rangi moja. Ngoja uanze kufagia. Kuna duka moja hapa mjini, sitataja, kila asubuhi mwenyewe anafagia sakafu yake anaitoa nje kama vumbi, na kila asubuhi kuna vumbi lingine. Simiti aliinunua. Fundi alimlipa. Siku ya kumwaga kila mtu alikuwa hapo.

Sasa tuseme ukweli wa nyumba hii. Desemba tulikuwa na mkutano wa injili pale uwanjani. Watu walitoka mbele wakilia. Tulipiga makofi, tukaandika majina, tukapiga picha. Hebu geuza shingo uangalie viti vya nyuma vile tulivyowatengea. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyetoka mbele usiku wa tatu, alikutana na mzee mmoja wa kanisa sokoni mwezi jana. Mzee akamuuliza, “Kijana wangu, mbona hatukuoni?” Akajibu bila hasira, “Mzee, ile usiku mlinipigia makofi. Jumatatu hakuna mtu alinipigia simu.”

Wengine wetu tukisikia hivyo tunakimbilia kusema hakuwa ameokoka kweli. Pole pole, mpendwa. Simiti ilikuwa simiti. Mchanga ulikuwa safi. Kilichokosekana ni mtu wa kurudi kesho yake.

Yesu mwenyewe anatuambia katika Mathayo 13 kuhusu mbegu ya penye mawe. Ndiyo iliyoota upesi, na jua lilipopanda ikanyauka. Tunapenda kitu kinachoota upesi. Mtu akiokoka leo na kesho anaombea wengine kwa sauti ya radi, tunasema huyu ni moto. Lakini fundi ataonya kuhusu slabu ambayo juu imeshika upesi huku chini bado ni mbichi. Juu inajikaza, chini haijawa tayari, na hapo katikati inapasuka. Hizo nyufa hazingoji mwaka. Kwa siku ya joto na upepo zinaweza kuonekana masaa machache tu baada ya kumwaga, zege likiwa bado changa.

Nimesema upepo. Tunaoishi huku Kajiado tunaogopa jua, na kweli jua la Februari si la mchezo. Lakini fundi jana hakuwa anaangalia juu. Alikuwa anaangalia vile nyasi za uwandani zinalala. Hewa kavu ikipita juu ya zege bichi inanyonya maji kuliko unavyofikiri, hata siku ya mawingu. Wataalamu wanasema ikifika karibu kilo moja ya maji kwa saa kwa kila mita mraba, jua umeingia hatarini. Piga hesabu ya slabu yetu: mita mraba 200. Hizo ni lita 200 kwa saa, mitungi 10 ile ya lita 20, inaondoka na hakuna mtu ameiona ikibebwa. Hata tone huoni.

Mwamini mpya anajua kujitayarisha kwa jua. Ameambiwa familia itamkataa, marafiki watamcheka. Siku hiyo ikifika anaitambua, anafunga, anaomba. Upepo ndio unammaliza. Upepo ni Jumanne ya kawaida ambapo hakuna kilichotokea. Hakuna aliyemtesa. Hakuna pia aliyemuuliza, “Umesoma nini leo?” Simu iko mkononi inamwonyesha maisha yale yale aliyoyaacha, kidogo kidogo. Wiki tatu zinapita. Ukimuuliza ni lini alirudi nyuma, hawezi kukuambia siku.

Kwa hivyo kitu cha kwanza fundi alifanya jana, sikia vizuri, hakikuwa kumwaga maji. Ukimwaga maji kwa nguvu juu ya zege ambalo halijashika, unaosha simiti, unabaki na kokoto uchi. Alichofanya kwanza ni kufunika. Sehemu ikimalizika kulainishwa, nailoni inakuja juu. Baadaye, zege liliposhika kiasi cha kutoharibika, ndipo magunia yaliyoloweshwa yakalazwa, na nailoni ikarudi juu yake, na mawe pembeni ili upepo usipenye.

Nawaomba watu wa Mungu mnisikie hapa. Mtu ameokoka saa nane mchana. Saa tisa tumeshamsomea sheria ya hereni, sheria ya suruali, fungu la kumi na ratiba ya kufunga siku tatu kavu. Mengine ya hayo yana wakati wake. Lakini bado hajashika! Unamwosha simiti. Anachohitaji jioni hiyo ni kufunikwa. Mtu wa kukaa naye. Mtu wa kumwambia nyumbani kwangu kuna chai, njoo. Petro anaandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, kwamba upendo una kazi ya kufunika, na sisi tumeufanya mstari huo kuwa wa kufichiana makosa tu. Kufunika ni pamoja na kumkinga mtu na upepo wakati bado ni mbichi.

Na huyu Apolo mwenye maji, unajua maji aliyapata wapi? Soma Matendo 18. Alikuja Efeso kutoka Aleksandria, msomi, mwenye maneno, moto kabisa rohoni, lakini alijua ubatizo wa Yohana peke yake. Prisila na Akila walimsikia akihubiri. Hawakumkatiza mbele ya watu. Hawakumwandika kwa kikundi cha WhatsApp wakamsahihisha huko. Walimchukua kando, wakamfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hao mume na mke kazi yao ilikuwa kushona hema. Mimi hupenda hiyo: watu wanaojua kutengeneza kivuli ndio walimlea mtu aliyekuja kulea Korintho nzima. Hakuna mahali tunasoma mahubiri ya Akila. Kikombe chake cha chai kilifika mbali.

Sasa kuna jambo jingine, na hili litauma kidogo. Mliokuwa kwa mashine ya kukoroga jana mliona fundi akigombana na vijana wawili. Zege lilikuwa zito, wilibaro inawashinda, wakaongeza ndoo ya maji ili liteleze. Fundi akasimamisha mashine. Maji ya ziada ndani ya mchanganyiko hurahisisha kazi ya leo na kudhoofisha jiwe milele, kwa sababu yakitoka yanaacha matundu. Wafanyakazi wengi wanafanya kinyume kabisa: wanamimina maji bila kipimo wakati wa kukoroga, halafu kesho yake, wakati slabu yenyewe inalia maji, hakuna hata kikombe.

Je, kanisa halifanyi hivyo? Tunapowaita watu kwa Yesu tunaongeza maji ili iteleze. Toba tunaipunguza. Msalaba tunauweka nyuma ya jukwaa. Njoo tu, utapata kazi, utapata mume, utapata gari. Inamwagika vizuri sana! Watu wanakuja. Kisha akishakuja, tunabana. Hakuna wa kumtembelea, hakuna wa kufundisha, hakuna wa kubeba mzigo wake. Tuligawa maji yote mahali yasipotakiwa. Injili ikorogwe nzito vile Yesu aliikoroga: jikane, chukua msalaba. Halafu upole wote tulio nao tuumimine kwa wiki na miezi inayofuata.

Lakini maji gani? Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi, mnajua wenyewe kwa chai yenu. Ndani ya zege kuna vyuma, na chumvi ikiingia inavila polepole kwa kutu. Fundi ana kanuni rahisi: maji usiyoweza kunywa, usinyweshe slabu. Kuna watu wanawalea waamini wapya kwa hofu, kwa unabii wa kulipia, kwa kuwaambia kila homa ni jirani amewaroga. Kwa nje wanaonekana wamelowa. Yakobo sura ya 3 anauliza kuhusu chemchemi, kama inaweza kutoa tamu na chungu mahali pamoja. Tuwanyweshe Neno tunalokunywa sisi.

Tena kuna suala la kubeba mzigo. Ndugu yetu wa kisigino alitaka kuta kesho. Tukifika juu, kwenye slabu ya balkoni, Mungu akipenda, mtaona nguzo za miti zimeshikilia chini kwa wiki kadhaa, na mtu atasema tunahitaji hizo mbao kwingine, tuzitoe. Fundi atakataa. Kijana ameokoka Jumapili akiwa mwimbaji wa klabu, Jumapili ya pili tumempa maikrofoni kwa sababu sauti ipo. Paulo alimwandikia Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 3, kwamba asiyekomaa katika imani asipewe uangalizi, asije akajivuna akaanguka. Hakusema hawezi kamwe. Alisema bado. Kumwambia kijana mwenye kipawa “bado” ni kazi ngumu, hasa kama kwaya haina mtu wa besi. Lakini usitoe nguzo.

Na msilinganishe watu. Simiti nyingi tunayonunua huku imechanganywa na pozolana, ile ya mawe ya volkano, na hiyo hupata nguvu polepole zaidi. Inataka unyevu kwa muda mrefu, ndiyo sababu fundi amesema siku 14, si 7. Kuna ndugu atatoka kwa pombe ya miaka 20. Akianguka wiki ya tatu usiandike kwamba ameshindikana. Endelea na magunia. Pia usimwage maji leo, ukae siku tatu, halafu ulete bauza nzima. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, huko nako kunapasua. Kesha moja ya mwisho wa mwezi haiwezi kubeba siku 29 za ukame.

Mama mmoja aliniambia leo asubuhi, na ana haki ya kusema: “Pasta, mimi nanunua maji kwa mtungi. Naogesha watoto watatu kwa beseni moja. Kweli niende nikamwagie simiti?” Mama, sikujibu pale nje kwa sababu nilitaka kila mtu asikie. Kwanza, hakuna nyumba itaombwa maji yake ya kunywa. Kamati iliweka pesa ya bauza ndani ya bei ya slabu tangu mwanzo, pamoja na simiti na vyuma, kwa sababu hiyo si nyongeza. Pili, anayefunika hamwagi sana. Maji ukirusha juu ya slabu uchi saa saba mchana, baada ya muda mfupi hayapo. Maji hayo hayo chini ya gunia na nailoni utayakuta kesho. Kinachohitajika zaidi kwako ni miguu na macho: kuja kuinua kona ya gunia na kuona kama kuna unyevu.

Nami nawaomba kamati ya uinjilisti walioko hapa. Tukiandika bajeti ya mkutano wa Agosti, tukiandika jukwaa, vipaza sauti na mabango, tuandike pia nauli na chai za wiki zinazofuata. Kama pesa haitoshi vyote, tupunguze mabango.

Hapa mfano wa zege unafika mwisho wake, na lazima niseme, kwa sababu kuna mtu ameketi hapa anajijua. Aliokoka zamani, hakuna aliyemlea, na sasa ana nyufa. Fundi atakuambia slabu iliyokaushwa mapema ukiilowesha baadaye inapona kidogo, lakini haifiki pale ingefika. Mungu wetu hafungwi na sheria ya simiti! Alimpeleka Ezekieli kwenye bonde la mifupa mikavu, mikavu sana, na bado akaipa uhai. Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa. Yohana 21 tunamkuta Yesu ufuoni amewasha makaa mengine, amepika samaki, anamwita waje wale. Kama uliachwa juani, Bwana hajakuacha. Lakini sisi tusitumie neema yake kama kisingizio cha kutobeba magunia. Paulo alipigwa mawe Listra mpaka wakamburuta nje ya mji wakidhani amekufa, na bado Matendo 14 inasema alirudi mji ule ule kuwaimarisha wanafunzi. Wewe unaambiwa tu upande boda uende mtaa wa pili.

Kwa meza ya mlangoni kuna madaftari mawili. La bluu ni la slabu, kwa siku 14. Saa kumi na mbili asubuhi, kulowesha kabla zege halijapata joto. Saa saba mchana, kukagua tu na kurudisha nailoni iliyofunuliwa na upepo. Usimwage maji baridi juu ya slabu iliyochomwa na jua. Saa kumi na moja jioni, kulowesha tena. Watu wawili wawili. La kijani lina majina ya waliookoka Desemba. Chukua jina moja tu, na umfikie kabla ya Jumatano. Simu zao atakupa shemasi.

Kwa daftari la bluu, Alhamisi mchana bado hakuna mtu. Kwa la kijani, yule kijana wa bodaboda bado hajachukuliwa. Tusimame tuombe.